Utayarishaji wa Sampuli za Mimea kwa Kupima Metali za Kiasi Haba: Mapendekezo kwa Walimu wa Sayansi Vyuoni

UTANGULIZI

Katika vyuo vya ualimu somo la vipimo vya sayansi aghalabu hukomea pale mwanachuo anapojua jina la chombo na kazi yake. Akiulizwa jinsi kiasi cha risasi kilichomo katika mchicha kinavyopimwa, hujibu kwa kutaja mashine. Jibu hilo si la uongo, lakini limeruka sehemu kubwa ya kazi. Kabla jani halijafika mbele ya mashine limekwisha kuchumwa, kubebwa, kuoshwa, kukaushwa, kusagwa, kupimwa uzito na kuyeyushwa kwa asidi. Katika kila hatua laweza kuongezewa metali ambayo halikuwa nayo, au kupoteza ile iliyokuwamo. Mashine husoma kile kilichomo katika chupa tu. Haiwezi kutambua kama kimetoka katika jani, katika vumbi la barabara, au katika ndoo ya bati iliyotumiwa kuoshea.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza hatua za utayarishaji wa sampuli ya mmea na sababu ya kila hatua. Pili, kupendekeza namna ya kuzifundisha katika chuo kisichokuwa na mashine ya kupimia metali. Hoja yetu ni kwamba sehemu ya kazi inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kufundishwa kwa mizani, tanuri, kinu cha kauri na asidi kidogo. Kukosekana kwa mashine si kisingizio cha kuliacha somo hili.

METALI ZA KIASI HABA NI ZIPI?

Kwa jina hili tunakusudia metali zinazopatikana katika mmea kwa kiasi kidogo mno, yaani miligramu chache, au makumi ya miligramu, au hata sehemu tu ya miligramu kwa kila kilo ya mmea mkavu. Baadhi yake, kama chuma, manganisi, zinki na shaba, mmea wazihitaji ili ukue. Nyingine, kama risasi na kadmiamu, hazina faida inayojulikana kwa mlaji, na zikizidi humdhuru: risasi huathiri hasa ubongo wa mtoto, na kadmiamu hujikusanya katika figo kwa miaka mingi.

Ni vema mwalimu awape wanachuo picha ya udogo huu. Miligramu moja kwa kilo ni sehemu moja katika milioni. Punje moja ya mahindi ina uzito wa takriban theluthi moja ya gramu. Basi miligramu moja kwa kilo ni sawa na theluthi ya punje moja ndani ya gunia zima la kilo 100. Mwanachuo akilielewa hilo, hatashangaa akiambiwa kwamba vumbi lisiloonekana kwa macho laweza kuliharibu jibu lote.

Kipimo hiki kilipata wepesi baada ya mwaka 1955, pale Alan Walsh wa Australia alipochapisha njia ya kupima metali kwa kuangalia kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na atomi zake ndani ya ndimi za moto. Tangu hapo zimetokea mashine nyingine zenye uwezo mkubwa zaidi wa kugundua kiasi kidogo. Lakini kadiri mashine inavyoweza kuona kidogo zaidi, ndivyo inavyouona pia uchafu wetu kwa urahisi zaidi. Maendeleo ya mashine yameongeza haja ya uangalifu badala ya kuipunguza.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO?

Katika jiji la Dar es Salaam, bonde la mto Msimbazi limelisha watu mboga za majani kwa miaka mingi. Mto huo hupita katikati ya makazi, viwanda na barabara. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya kadmiamu, shaba, risasi na zinki katika mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Uchunguzi wa namna hiyo hugusa pande mbili za watu. Upande mmoja yupo mlaji, pamoja na watoto wake. Upande wa pili yupo mkulima ambaye tuta lake la mchicha ndilo ada ya shule na kodi ya nyumba.

Sampuli iliyotayarishwa vibaya huweza kumdhulumu yeyote kati ya hawa wawili. Ikiongezewa risasi maabarani, mkulima huambiwa mboga yake ni sumu ilhali si kweli. Ikipoteza metali yake, mlaji huambiwa ale kwa amani ilhali hatari ipo. Tena yako makosa yanayompotosha kila mtu kwa pamoja. Mwaka 1980 wanasayansi Settle na Patterson wa Marekani walionyesha kwamba risasi iliyokuwa imeripotiwa katika nyama ya samaki jodari ambaye hajatiwa koponi ilizidi kiasi chake cha kweli kwa takriban mara elfu moja, kwa sababu ya makosa ya upimaji. Kwa kuwa samaki mbichi alidhaniwa kuwa na risasi nyingi, risasi iliyoingia kutokana na lehemu ya makopo ilionekana kuwa nyongeza ndogo tu. Hivyo kosa lililoongeza namba liliificha hatari yenyewe. Mfano huu ni wa samaki, lakini funzo lake ni lile lile kwa jani.

HATUA ZA UTAYARISHAJI

1. Kuuliza swali kabla ya kuchuma

Kosa la kwanza la wanachuo ni kwenda bustanini kabla ya kukubaliana wanatafuta nini. Yako maswali matatu yanayofanana kwa sura lakini yanayotaka sampuli tofauti. Je, twataka kujua mlaji anakula risasi kiasi gani? Je, twataka kujua mizizi imefyonza risasi kiasi gani kutoka ardhini? Au twataka kujua ni risasi kiasi gani iliyoangukia majani kutoka hewani? Kama tutakavyoona, jibu la swali hili ndilo litakaloamua namna ya kuosha.

2. Kuchuma

Mmea mmoja hauwezi kulisemea shamba zima. Katika bustani moja yafaa kuchuma kutoka mimea kati ya 10 na 20, kwa kupita matutani kwa mwendo wa kupinda huku na huku, na kuepuka pembezoni isipokuwa kama pembezo ndiyo inayochunguzwa. Sehemu ya mmea iwe moja na umri uwe mmoja, kwa sababu jani changa, jani lililokomaa na shina havibebi kiasi kilicho sawa cha metali. Kwa kawaida huchaguliwa majani machanga zaidi miongoni mwa yale yaliyokwisha kukomaa.

Mchumaji hana budi kuuliza kama shamba limepigwa dawa. Dawa nyingi za ukungu zina shaba, kama zile zinyunyiziwazo mibuni, na nyingine zina manganisi na zinki. Asipouliza, atapima dawa akidhani anapima mmea.

Majani yawekwe katika mifuko safi ya karatasi isiyo na maandishi, au ya plastiki ikiwa yatafikishwa chuoni siku hiyo hiyo. Yasifungwe katika gazeti, wala yasitiwe katika ndoo ya bati, kwa maana bati hilo limepakwa zinki. Kila mfuko uandikwe mara moja: mahali, tarehe, aina ya mmea, sehemu iliyochumwa na jina la mchumaji. Sampuli isiyokuwa na maandishi haina thamani hata ikipimwa kwa mashine bora duniani.

3. Kuosha

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kutulia zaidi, kwa sababu hakuna kanuni moja itoshayo kwa hali zote. Tukitaka kujua kile anachokula mlaji, tuoshe kama anavyoosha mpishi nyumbani, kwa maji safi na kwa muda ule ule, tusizidishe. Tukitaka kujua kile kilichofyonzwa na mizizi, yatupasa kuondoa vumbi lote: tuoshe kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yenye sabuni kidogo sana isiyo na rangi, halafu tusuuze mara mbili au tatu kwa maji yaliyokenekwa. Tukitaka kujua kile kilichoanguka kutoka hewani, tugawe sampuli mafungu mawili, moja lioshwe na jingine lisioshwe, kisha tulinganishe. Swali hili la tatu lina maana kubwa kando ya barabara. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi ni metali isiyooza. Ile iliyokwisha kuanguka hubaki katika udongo wa juu kwa muda mrefu na huweza kurudi juu ya majani pamoja na vumbi.

Kuosha kuwe kwa haraka, na kabla majani hayajanyauka. Jani likirowekwa kwa muda mrefu au likikatwakatwa kabla ya kuoshwa, baadhi ya madini yake hutoka na kwenda na maji.

Hesabu ifuatayo huwashawishi wanachuo kuliko maneno mengi. Tuchukue udongo mwekundu wenye chuma asilimia 4, yaani miligramu 40,000 kwa kilo. Tuchukue pia jani safi lenye chuma miligramu 100 kwa kilo ya uzito mkavu. Ikiwa udongo uliogandama ni asilimia 1 tu ya uzito wa unga wa jani, udongo huo peke yake huongeza miligramu 400. Kipimo kitaonyesha takriban 500, na mtu asiyejua ataandika kwamba mboga hiyo ni tajiri wa chuma mara tano ya nyingine.

4. Kukausha

Majani hukaushwa ili yasioze, ili yasagike, na ili tupate uzito usiobadilika wa kulinganishia. Joto lifaalo ni nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi katika tanuri lenye kupitisha hewa, kwa muda wa saa 48 au mpaka uzito usipungue tena. Joto dogo kupita kiasi huacha majani yachachuke na kuota ukungu. Joto kubwa huyaunguza, na baadhi ya vitu, hasa zebaki, huweza kutoweka kama mvuke. Kwa hiyo sampuli ya kupimia zebaki huhitaji njia yake mbali.

Chuo kisicho na tanuri chaweza kukausha kwa jua, lakini isiwe juu ya mkeka kando ya njia. Majani yatandazwe juu ya karatasi nyeupe safi ndani ya sanduku la mbao lisilopakwa rangi, lenye matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa kitambaa safi, na juu yake kiwekwe kioo.

Uzito upimwe kabla na baada ya kukausha, bila kusahau. Mchicha wa gramu 250 ukitoa gramu 25 za majani makavu, maji yalikuwa asilimia 90. Namba hii itahitajika mwishoni kabisa, na aghalabu ndiyo isiyoandikwa.

5. Kusaga na kuchekecha

Majani husagwa ili gramu moja itakayochukuliwa iwakilishe fungu zima. Unga upite katika chekecheke lenye matundu ya milimita 1 au nusu yake. Hapa pana mtego: chombo chenyewe huacha chembe zake. Mashine ya kusagia ya chuma huongeza chuma, na pengine manganisi, kromiamu na nikeli. Chekecheke la aloi ya shaba na zinki huongeza metali hizo mbili. Vizibo vya mpira vina zinki, kwa kuwa oksidi ya zinki hutumika katika kuutengeneza mpira. Poda na mafuta ya kupaka mikononi navyo huweza kuwa na zinki. Maabara kubwa hutumia vinu vya jiwe la akiki na chekecheke za nailoni. Chuoni kinu cha kauri na kitambaa cha nailoni kilichowambwa vyatosha. Kinu cha mbao kisitumike, maana kila kitu kilichotwangwa humo huacha masalio katika nyufa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba chombo huchaguliwa kwa kuangalia metali inayotafutwa. Kisu cha chuma hakimdhuru anayetafuta kadmiamu kama kinavyomdhuru anayetafuta chuma.

Unga uchanganywe vizuri, urundikwe kama kichuguu, ugawanywe robo nne, robo mbili zinazoelekeana ziondolewe, na tendo hilo lirudiwe mpaka kibaki kiasi kinachotakiwa. Unga utunzwe katika chupa ya plastiki yenye kifuniko cha plastiki. Kwa kuwa unga hunywa unyevu wa hewa, hasa pwani, ukaushwe tena kwa muda mfupi kabla ya kupimwa uzito.

6. Kuchoma au kuyeyusha kwa asidi

Mashine nyingi hupima maji, si unga. Yapasa mata ya kiumbe hai iondolewe ili metali ibaki katika myeyusho. Ziko njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni ya majivu. Unga huchomwa katika kikombe cha kauri ndani ya tanuru la nyuzi 450 hadi 500 mpaka upatikane majivu meupe au ya kijivu hafifu, ambayo huyeyushwa kwa asidi isiyo kali. Njia hii ni rahisi na hutumia asidi chache. Hatari yake ni kwamba joto likipita nyuzi 500, sehemu ya risasi na kadmiamu huweza kutoweka, na metali nyingine hunaswa katika chembe za mchanga wa majivu.

Njia ya pili ni ya maji. Unga hupashwa moto pamoja na asidi kali ya nitriki, pengine na haidrojeni peroksaidi, ama katika chombo kilicho wazi, ama katika vyombo vilivyofungwa na kupashwa kwa mawimbi ya maikrowevu. Njia hii huhifadhi metali vizuri zaidi, lakini huhitaji kabati la kuvutia moshi, miwani, glavu na msimamizi aliyezoea kazi hiyo. Asidi ya perkloriki, ambayo imetumiwa na maabara kadhaa, ina hatari ya kulipuka ikikutana na mata ya mimea. Isitumiwe chuoni kwa hali yoyote.

Vyombo vyote vya kioo viloweshwe usiku kucha katika asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Chombo kinachong'aa kwa macho si lazima kiwe safi kwa kipimo hiki.

7. Sampuli tupu, marudio na unga wa kulinganishia

Baada ya uangalifu wote huo, tutajuaje kwamba tumefaulu? Ziko njia tatu za kujikagua.

(a) Sampuli tupu. Hiki ni kikombe kisichotiwa unga, lakini kinachopitishwa katika hatua zote za maabara pamoja na vingine: asidi ile ile, tanuru lile lile, chujio lile lile. Metali yoyote itakayoonekana humo imetoka kwetu wenyewe.

(b) Marudio. Kila unga upimwe mara mbili au tatu. Namba zikitofautiana sana, ama unga haukuchanganyika, ama mkono haukuwa thabiti.

(c) Unga wa kulinganishia. Katika miaka ya 1960 mwanakemia H. J. M. Bowen wa Uingereza alitayarisha unga mwingi wa mboga ya jamii ya sukuma wiki na kuugawa kwa maabara mbalimbali ili zipime unga ule ule na kulinganisha majibu. Mwaka 1971 taasisi ya vipimo ya Marekani ilitoa majani makavu ya miti ya matunda yenye viwango vilivyothibitishwa. Maabara ikipima unga wa namna hii na kupata namba iliyo mbali na ile iliyothibitishwa, yapasa ijisahihishe kabla ya kusema lolote juu ya mboga za watu.

HESABU YA MWISHO

Kanuni ni nyepesi: toa usomaji wa sampuli tupu katika usomaji wa sampuli, zidisha kwa ujazo wa myeyusho kwa mililita, gawanya kwa uzito wa unga kwa gramu. Jibu ni miligramu kwa kilo ya uzito mkavu.

Tuchukue mfano wa darasani. Gramu 1 ya unga wa mchicha imeyeyushwa na kufanywa mililita 50. Mashine imesoma risasi miligramu 0.08 kwa lita, na sampuli tupu imesoma 0.05. Mwanachuo aliyesahau sampuli tupu atapata 0.08 × 50 ÷ 1 = 4.0. Aliyeikumbuka atapata 0.03 × 50 ÷ 1 = 1.5.

Kiwango cha juu cha risasi katika mboga za majani kilichowekwa na Tume ya Codex, iliyo chini ya mashirika ya FAO na WHO, ni miligramu 0.3 kwa kilo. Kiwango hicho ni cha mboga mbichi. Mchicha wetu una maji asilimia 90, kwa hiyo twagawanya kwa 10. Mwanachuo wa kwanza anapata 0.40 na kuihukumu mboga. Wa pili anapata 0.15 na kuiacha huru. Wa tatu, ambaye alifanya kila kitu sawasawa lakini akalinganisha 1.5 ya uzito mkavu na 0.3 ya uzito mbichi, anatangaza kwamba mboga imezidi kiwango mara tano. Bustani ni moja, jani ni moja na mashine ni moja, lakini hukumu ni tatu.

Mwalimu asiishie hapo. Awaulize wanachuo kama hata jibu la pili lafaa kutangazwa. Sampuli tupu yenye 0.05 imebeba zaidi ya nusu ya usomaji wote. Mpimaji mwaminifu atasimamisha kazi, atatafuta uchafu unakotoka, na kurudia kazi yote.

MPANGO WA SOMO

Mpango ufuatao ni wa vipindi vinne vya dakika 80. Metali iliyochaguliwa ni chuma, kwa sababu chaweza kuonekana kwa rangi bila mashine. Darasa ligawanywe vikundi vinne. Mchicha utoke katika tuta moja lililo karibu na njia ya vumbi.

Kipindi cha kwanza: kuchuma na kuosha. Kikundi A kisioshe majani. Kikundi B kioshe kikamilifu. Kikundi C kioshe kikamilifu pia, lakini baadaye kisagie katika chombo cha chuma chenye kutu. Kikundi D kitayarishe sampuli tupu. Kila kikundi kiandike utabiri wake na sababu, na daftari hizo akusanye mwalimu. Vikundi A, B na C vipime uzito mbichi na kuweka majani tanurini.

Kipindi cha pili, baada ya siku mbili au tatu: kupima uzito mkavu, kukokotoa asilimia ya maji, kusaga, kuchekecha na kugawa robo. Kila kikundi kipime gramu 1 katika kikombe cha kauri.

Kipindi cha tatu: kuchoma. Unga uanze kuchomwa polepole mahali penye hewa mpaka moshi uishe, kisha uwekwe ndani ya tanuru. Pasipo tanuru, kichomeo cha gesi chatosha kwa onyesho hili. Majivu yakishapoa kabisa, yatiwe mililita 5 za asidi haidrokloriki ya nguvu ya moli 2 kwa lita, yachujwe, na myeyusho ufikishwe mililita 20 kwa maji yaliyokenekwa. Kikombe kitupu cha D nacho kipite njia yote hiyo.

Kipindi cha nne: kupima kwa rangi. Mililita 5 za kila myeyusho zitiwe katika testitubu na kuongezewa mililita 1 ya myeyusho wa potasiamu thayosaianeti wa asilimia 10. Chuma hutoa rangi nyekundu ya damu. Rangi hiyo ilinganishwe na testitubu zenye miligramu 0, 2, 5, 10 na 20 za chuma kwa lita, zilizotiwa asidi kwa kiasi kile kile. Myeyusho ukizidi wekundu wa 20, uzimuliwe na hesabu izingatie hilo. Kemikali hii isipashwe moto wala isichanganywe na asidi kali.

Aghalabu testitubu za A na C huwa nyekundu zaidi ya B. Mwalimu asiharakishe kueleza. Arudishe daftari za utabiri, kisha aulize: ni testitubu ipi inayosema kweli juu ya jani? Na kama testitubu ya D nayo imepata wekundu, kosa limeingilia wapi? Mjadala huu ndio kiini cha somo. Kikundi ambacho sampuli yake tupu imechafuka kisikaripiwe, kwa maana ndicho kilichowapa wenzake funzo kubwa kuliko yote. Kipewe kazi ya kuuchunguza uchafu huo hatua kwa hatua: maji, asidi, chujio, kikombe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mwanakijiji ameleta majani yaliyokwisha kukaushwa juu ya bati la nyumba na anataka yapimwe zinki. Utamjibuje, na utampa maelekezo gani?

2. Kwa nini sampuli ya kuchunguza chakula isioshwe zaidi ya inavyooshwa jikoni?

3. Usomaji wa zinki ni miligramu 0.64 kwa lita, sampuli tupu ni 0.04, ujazo ni mililita 50 na uzito ni gramu 1. Kokotoa kiasi kwa kilo ya uzito mkavu. (Jibu: miligramu 30.)

4. Taarifa imeandika kwamba mboga fulani ina kadmiamu miligramu 0.5 kwa kilo, bila kusema ni uzito mkavu au mbichi. Kiwango cha Codex kwa mboga za majani ni 0.2 kwa uzito mbichi. Je, twaweza kutoa hukumu? Ni maswali gani yanayopaswa kuulizwa?

HITIMISHO

Walio wengi katika wanachuo wetu hawatafanya kazi katika maabara ya metali. Watafundisha watoto, na watakuwa watu wa kuulizwa katika vijiji na mitaa yao pale taarifa itakapotangaza kwamba maji haya ni salama au mboga hizi ni sumu. Mwalimu aliyewahi kuona testitubu tupu ikigeuka nyekundu atajua la kuuliza: sampuli ilichumwa wapi na na nani, ilioshwaje, ilisagiwa katika chombo gani, sampuli tupu ilisomaje, na uzito uliotajwa ni mkavu au mbichi. Inapendekezwa basi kwamba kila chuo chenye mizani na tanuri kiliingize zoezi hili katika ratiba ya mwaka wa kwanza, kabla wanachuo hawajakabidhiwa namba yoyote iliyotoka katika mashine.